Kipoza oili kwenye IST: tunapoza injini au tunapoza mkataba?

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Au niseme hatuziweki pembeni kabisa, maana ukifika mwisho utaona suala lenyewe ni lile lile la nani analipa na nani anafaidi. Najua wengine mko kafe na dakika zinahesabika, kwa hiyo hoja yangu naitoa mapema.

Vijana wanaobeba abiria wa kuitwa kwa simu kwa IST, Vitz na Passo siku hizi wanashauriwa wafunge kipoza oili ili injini isife. Mimi nasema hivi: kwa wengi wao kifaa hicho kinatibu ugonjwa ambao hawana. Ugonjwa walio nao uko kwenye oili yenyewe, uko kwenye thamostati ambayo fundi aliitoa akaitupa, na zaidi ya yote uko kwenye ile karatasi waliyosaini na bosi. Sasa tuende taratibu.

Kwa ambao hawajakiona, kipoza oili kinafanana na rejeta ndogo, ukubwa wa daftari kubwa hivi. Kinafungwa mbele ya gari, nyuma ya bampa. Filta ya oili inafunguliwa, kati ya injini na filta inapachikwa sahani yenye matundu mawili, na kwenye matundu hayo mipira miwili inakwenda kwenye kipoza na kurudi. Oili ya moto inatoka, inapigwa na upepo, inarudi ikiwa imepoa. Mafundi wanakiita "oili kula" na utani umeshazaliwa: gari lako linakula oili? Basi lifungie kula!

Na nisieleweke vibaya, hiki si kitu cha kitapeli. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ambayo wazee wetu waliendesha ilitoka kiwandani ikiwa na kipoza oili, kwa sababu injini yake haikuwa na maji, ilipozwa kwa upepo na oili peke yake. Magari ya rali yanavyo. Injini nyingi za dizeli na za turbo zinavyo tangu kiwandani. Kampuni kama Mocal na Setrab zimetengeneza vipoza kwa miaka mingi na vinafanya kazi. Kwa hiyo sibishii kifaa. Nabishia mgonjwa anayeandikiwa dawa hiyo.

Tujiulize kwanza, kwa nini maswali haya yote yanatoka kwenye magari madogo? Jibu la kwanza ni kodi. Hapa Tanzania ushuru wa bidhaa kwa gari unakwenda na ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 hailipi, kati ya 1,000 na 2,000 inalipa 5%, kuzidi hapo 10%. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililofikisha miaka 8, na unapanda zaidi likishapita 10. Wenzetu wa Kenya wameamua gari lililozidi miaka 8 lisiingie kabisa. Sisi linaingia, ila unalipia uzee wake. Pamoja na uchakavu huo wote, IST ya cc 1,300 au 1,500 iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007 bado ndiyo gari ambalo kijana anaweza kulifikia, au mtu mwenye akiba anaweza kununua mawili matatu akaweka vijana.

Jibu la pili ni kazi zenyewe. Uber iliingia Dar mwaka 2016, wengine wakafuata, na gari dogo lililokuwa la kwenda kazini na kanisani likageuka kuwa gari la kushinda barabarani kutwa nzima. Mnakumbuka vuta nikuvute ya 2022? LATRA iliweka kikomo cha kamisheni 15%, Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili mwaka huo, baadaye kikomo kikapandishwa hadi 25%. Mjadala wote ule ulikuwa juu ya nani achukue asilimia ngapi ya nauli. Sikusikia mtu akiuliza ni asilimia ngapi ya nauli inakwenda kwenye injini inayoitafuta hiyo nauli. Nadhani hapo ndipo tulipokosea njia.

Sasa njoo kwenye hesabu, na hii ni hesabu ya mezani tu, sio takwimu za mtu. Tuseme dereva anatembea kilomita 150 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni kilomita 900 kwa wiki. Kama anabadilisha oili kila kilomita 5,000, basi kila baada ya wiki tano na nusu hivi anaingia gereji. Inaonekana sawa, si ndio?

Tatizo ni kwamba kilomita hazihesabu foleni. Ukisimama Mwenge nusu saa injini inanguruma, dashibodi inakwambia hujaenda popote, lakini oili imefanya kazi nusu saa nzima. Ford, kwa magari yake ya polisi kule Marekani, wana kanuni inayojulikana: saa moja ya injini kuunguruma gari likiwa limesimama ihesabiwe kama maili 33 za mwendo, yaani kilomita 53 hivi. IST si gari la polisi la Ford, nakubali, lakini tuitumie kupata picha. Dereva wetu akikaa saa 3 kwa siku amesimama injini inawaka (foleni, kusubiri abiria na kiyoyozi juu, kusubiri tena), anaongeza kilomita 159 zisizoonekana. Siku yake sio 150 tena, ni 309. Wiki yake sio 900, ni zaidi ya 1,850. Zile 5,000 anazimaliza kabla wiki tatu hazijaisha.

Yaani anayeamini anabadilisha oili kwa wakati anachelewa karibu mara mbili, na anayechelewesha "kidogo" kwa sababu mshiko haujakaa sawa anachelewa mara tatu, mara nne. Na hapo bado hatujagusa ubora wa hiyo oili.

Toyota wenyewe wanalijua hili. Kule Japani ratiba yao ya kawaida kwa gari la petroli lisilo na turbo ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Lakini kuna ratiba ya pili, ya mazingira magumu, nayo ni nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Mazingira magumu ni yapi? Barabara mbovu, milima, safari fupi fupi za mara kwa mara, kuunguruma muda mrefu na mwendo wa pole. Nani kati yenu ana gari la kazi hapa mjini ambalo halimo kwenye orodha hiyo? Na hiyo ni kwa oili safi waliyoikusudia wao.

Haya, tuje kwenye joto lenyewe, maana ndilo linalotumika kuuzia vipoza.

Oili ya injini ya petroli ikishapata moto inakaa kati ya nyuzi 90 na 110 hivi, na hapo ndipo inapotakiwa kukaa. Watu wengi wanadhani ikiwa baridi zaidi ndio nzuri zaidi. Sivyo. Injini inapofanya kazi, mvuke wa maji na petroli kidogo vinajipenyeza mle ndani, na oili isipokaribia nyuzi 100 uchafu huo haufukizwi, unabaki na kuleta tope. Kwa upande wa pili, oili ikivuka 120, 130, ikakaa huko, inazeeka haraka. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya oili kuoza inakaribia kuwa mara mbili. Hapo kweli kipoza kina kazi.

Lakini ni nini kinachoifikisha oili 130? Ni injini kuzunguka kwa kasi huku imebeba mzigo mzito kwa muda mrefu. Kupanda Kitonga na watu watano na mabegi juu. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto ukiwa gia ya pili muda wote. Kukimbiza Morogoro mpaka Dodoma mguu ukiwa sakafuni. Mashindano. Turbo. Foleni ya Ubungo sio mojawapo! Kwenye foleni injini inazunguka mara 700 na kitu kwa dakika na joto inalozalisha ni dogo. Kinachokwama pale ni kuliondoa joto la maji, kwa sababu upepo haupo na tegemeo lote limebaki kwenye feni ya rejeta.

Kwa hiyo gari lako likichemsha kwenye foleni, lakini ukitoka Kimara ukapata barabara wazi linapoa, hilo ni tatizo la maji, feni au rejeta. Sasa mtu anakuja anakwambia funga kipoza oili. Kipoza kinahitaji upepo! Unakifunga kwa sababu ya mahali pasipo na upepo. Tena kinawekwa mbele ya rejeta, kwa hiyo hata ule upepo mdogo unaovutwa na feni unapita kwanza kwenye kitu cha moto ndipo ufike kwenye maji. Umelipa pesa kuipa rejeta hewa iliyokwishapashwa moto.

Wapo watakaosema: wewe unasahau Dar ni joto, haya magari yametengenezwa kwa ajili ya Japani, kwenye baridi. Hii hoja naisikia sana na haina mashiko. Mji wa Kumagaya kule Japani ulifikisha nyuzi 41.1 Julai 2018. Dar yetu hata Februari, jasho likitutiririka, huwa ni 32, 33. Unyevu ndio unaotuumiza sisi binadamu, rejeta haijali unyevu. Vitz zile zile zilikuwa zinatembea Kumagaya siku ile, na nyingi hazikuwa na kipoza oili, zilikuwa na oili sahihi, thamostati nzima na maji yenye kuleti.

Wengine mtasema: jamaa yangu kafunga na injini imetulia, sauti imebadilika kabisa. Naamini. Ila jiulize, siku ile anafunga, fundi alifanya nini? Alimwaga oili ya zamani, akaweka mpya na filta mpya, tena akaongeza kiasi kwa sababu kipoza na mipira yake inabeba oili yake. Oili mpya hutuliza injini yoyote, iwe na kipoza au isiwe nacho. Kama hakupima nyuzi kabla na baada, hana ushahidi kwamba kipoza ndicho kilichofanya kazi.

Basi kinachoua hizi injini ni nini? Nimezunguka gereji kadhaa, nimekaa na mafundi, na ninachokiona ni mambo yale yale matatu.

La kwanza ni oili. Angalia nyuma ya galoni, utaona herufi za API. Kwa petroli zinaanza na S, halafu herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. SN ilitoka 2010, SP 2020. SF ni ya injini ambazo hazizidi mwaka 1988, ndivyo API wenyewe wanavyosema. Gari la 2005 linataka SL au zaidi. Sasa ingia dukani uone ni galoni ngapi za bei poa zimeandikwa SF, au hazijaandikwa kitu zaidi ya picha ya gari la mashindano linalotoa moto. Halafu kuna "oili ya kupima", inayotoka kwenye pipa kwa kopo, ambayo hakuna anayejua ilizaliwa wapi. Halafu kuna galoni lenye jina kubwa lililojazwa upya. Na kuna tabia ya kuweka 20W-50 nzito kwenye injini iliyotengenezwa kwa 5W-30, eti injini ni ya zamani. Oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na kusukumana kwake kwenye beringi kunazalisha joto zaidi. Yaani unaongeza joto kwa mkono wa kulia, halafu unanunua kipoza kwa mkono wa kushoto.

La pili ni thamostati. Gari likichemsha mara moja tu, fundi wa kwanza unayekutana naye anaitoa. "Hiyo ni ya nchi za baridi, bosi, huku haina kazi." Jamani! Kwenye Toyota nyingi ndogo thamostati ina kazi mbili. Ikipata moto (kwenye IST ni nyuzi 82 hivi) inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka tu ndani bila kuiona rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto na oili inabeba maji na petroli, mchana kwenye foleni inachemsha kama kawaida. Umepata hasara pande zote mbili. Thamostati ni kitu kidogo cha kukaa kiganjani na bei yake haifiki karibu na kipoza.

La tatu ni maji na vinavyoyazunguka. Maji ya bomba yanaleta kutu na magamba kwenye mirija ya rejeta. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinabana mgandamizo, maji hayachemki kwenye 100, yanasubiri mpaka karibu na 120. Kikichoka, yanachemka mapema na kumwagika, wewe unaongeza mengine kwenye kituo cha mafuta, mchezo unaendelea. Feni imefungwa moja kwa moja na swichi, au haizunguki kabisa, au lile boksi la plastiki linaloielekeza upepo limevunjika. Na Vitz na Passo nyingi hazina geji ya joto, zina taa tu, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ikiwaka sio onyo tena, hiyo ni taarifa ya msiba.

Mtasema haya yote ni uzembe wa madereva. Hapana, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kuna kijana jirani yangu huku Tabata, jina lake naliweka kapuni. Alichukua IST kwa mkataba wa kulipa kila siku mpaka liwe lake. Karatasi ilisema matengenezo yote ni juu ya dereva, na siku asipoleta hesabu inaandikwa deni. Mwezi wa kumi na tatu injini ikanoki. Kushusha injini hana pesa, kununua ya mtumba hana pesa, siku zinapita na deni linapanda. Mwenye gari akaja akalichukua. Na ile miezi kumi na tatu aliyolipa? Ikahesabiwa kuwa kodi ya kutumia gari. Kijana amerudi kukaa kijiweni. Ushauri aliopewa baada ya yote: "ungefunga kula, yasingekukuta."

Nilimuuliza alikuwa anaweka oili gani. Ya kupima. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kubadilisha oili ni siku ya kupoteza asubuhi nzima ya abiria, na pesa ya galoni zuri inatoka mfukoni mwake, na hesabu ya jioni haipungui hata shilingi moja. Akiweka ya kupima leo, leo anakula. Madhara yatakuja mwakani. Na mwakani ni ya nani? Hajui kama gari litakuwa lake. Mtu mwenye akili timamu akiwekwa kwenye kona ile atafanya alichofanya yeye.

Angalia sasa mgawanyo ulivyo. Kampuni ya programu inajua masaa yote ambayo gari limekuwa kazini, dakika kwa dakika, lakini injini sio yake. Mwenye gari ana injini, lakini hajui masaa, anajua hesabu tu imeingia au haijaingia. Dereva ndiye analipa oili, lakini hana uhakika kama injini hiyo itakuja kuwa yake. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeshika vyote vitatu: kujua, kumiliki na kulipa. Injini inakufa katikati yao.

Na kipoza oili kinaingia vizuri sana kwenye pengo hilo. Kinanunuliwa mara moja, kinaonekana, kinapigwa picha. Mwenye gari anaweza kusema nimeshakufungia kula, sasa injini ikifa ni uzembe wako. Muuzaji kapata, fundi kapata, lawama zimehama, na hakuna aliyelazimika kuzungumzia karatasi. Kubadilisha oili kila baada ya wiki chache hakupigwi picha, na kunamtaka mtu alipe tena na tena.

Tena kinampa dereva hatari mpya. IST ya cc 1,500 inabeba oili lita 3.7 tu, na pampu inaisukuma kwa mgandamizo mkubwa kuliko wa tairi lako. Mpira mmoja ukichomoka, zinamwagika barabarani kabla hujapata pa kuegesha. Nimeona kazi zilizofungwa kwa mipira ya petroli na klampu za kawaida, hiyo ni kujitega. Sahani inayopachikwa inashusha filta chini kwa sentimita kadhaa, na matuta yetu mnayajua. Na sahani ya bei rahisi haina thamostati yake, kwa hiyo oili inakwenda kupozwa hata asubuhi ya Julai pale Njombe injini ikiwa haijapata moto.

Je, kuna mtu anayehitaji kipoza? Wapo. Kama gari lako lina turbo na unalikimbiza, kama unapanda milima na mzigo kila siku, kama unashindana, pima kwanza joto la oili kwa geji yake, sio la maji. Ukikuta linapita 120 na kukaa huko, funga, lakini funga kwa heshima: sahani yenye thamostati inayofungua kwenye nyuzi 80 hivi, uzi unaolingana na filta yako, mipira ya oili yenye vichwa vilivyobanwa kiwandani, kipoza kisichoziba rejeta, na ukague uvujaji kila wiki. Na usichanganye na kipoza cha oili ya gia boksi, hicho ni kitu kingine na mjadala mwingine.

Kwa wengine wote, pesa ya kipoza na ufundi wake ina kazi bora zaidi: thamostati mpya, kifuniko cha rejeta, kuleti, kusafisha rejeta, na galoni kadhaa za oili ya maana. Nenda dukani uliza bei zote mbili, kisha piga hesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

Kwa upande wa wakubwa, naona mambo matatu yanawezekana bila hata kujenga ofisi mpya. Moja, LATRA imeshaonyesha inaweza kuingia kwenye mahusiano ya kampuni za programu na madereva, ilipanga kamisheni. Basi itake kampuni zimwonyeshe dereva na mwenye gari masaa ya kazi ya gari kila mwezi. Data wanayo tayari. Mbili, mikataba ya magari haya iandikwe kwamba sehemu ndogo ya kila hesabu inatengwa kwa oili na matengenezo, inayohesabiwa kwa masaa, na miezi aliyolipa dereva isiyeyuke siku injini inapokufa. Tatu, TBS na EWURA wanaosimamia vilainishi waingie mitaani kwenye maduka ya oili, sio kusubiri bandarini tu. Na VETA wawafundishe vijana wa gereji kwamba thamostati sio takataka.

Wewe unayetaka kusaini mkataba wiki ijayo, usiulize tu hesabu ni shilingi ngapi kwa siku. Uliza oili ananunua nani, ya herufi gani, kila baada ya masaa mangapi, na injini ikinoki mwezi wa kumi na tatu nini kinatokea kwa pesa uliyokwishalipa. Bosi akishindwa kujibu hayo manne, hilo gari hata ulifungie vipoza vitatu halitakuwa lako.

Naomba kuwasilisha. Madereva, mafundi na nyie wenye magari, uwanja ni wenu. Mwenye mkataba mzuri atuwekee hapa tuone umeandikwaje (majina yafutwe), na anayenipinga aje na nyuzi zake alizopima. Matusi hapana.